Ukifundisha Katrina, usianze na video

Walimu wenzangu wa jiografia, kila mwaka tukifika kwenye mada ya vimbunga tunafanya kitu kilekile. Tunaazima projekta, tunawasha YouTube, tunatafuta Katrina, kile kimbunga kilichopiga New Orleans, Marekani, mwaka 2005, inakuja ile duara nyeupe inazunguka kwenye Ghuba ya Mexico na muziki wa kutisha kwa nyuma, darasa zima "aaah", halafu tunaandika ubaoni sababu tano na athari tano, kengele inalia, tumemaliza. Mimi nimefanya hivyo miaka mingi tu, sijitoi. Mtihani ukija unasahihisha karatasi arobaini na zote zimeandika kwamba Katrina iliua watu wengi kwa sababu upepo wake ulikuwa mkali sana. Na huwezi kumlaumu mtoto, maana ndicho nilichomwonyesha, nilimwonyesha upepo.

Sasa ukweli ni kwamba New Orleans haikuangamizwa na upepo. Upepo ulitoboa paa la Superdome, ukaangusha miti, ukavunja madirisha, sawa. Lakini kilichofunika kama asilimia 80 ya mji ni maji yaliyoingia baada ya matuta na kuta za mifereji kuachia sehemu zaidi ya hamsini, na zile kuta za mfereji wa 17th Street na London Avenue zilianguka kabla maji hayajafika juu yake. Yaani ukuta ulishindwa kazi uliyojengewa. Wahandisi wa jeshi la Marekani wenyewe, ambao ndio waliojenga, walikiri mwaka 2006 kwamba mfumo ulikuwa na makosa ya usanifu. Hiyo haiko kwenye video ya duara nyeupe, na ndiyo jiografia yenyewe.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii, na najua kuna wenzangu watabisha: vitu vya mtandaoni vya kufundishia Katrina vimejaa hadi vinamwagika, ila vile vinavyovutia macho ndivyo vinavyofundisha kidogo, na vile vinavyochosha macho, maandishi matupu ya herufi kubwa na namba, ndivyo vinavyomfanya mwanafunzi afikiri. Na bahati nzuri hivyo vinavyochosha ndivyo vyepesi kwa bando. Tangazo moja la kimbunga ni kilobaiti chache, unalifungua hata kwa simu ya kitochi yenye intaneti ya kubahatisha. Video ya dakika kumi inakumalizia bando la wiki nzima na bado itagandaganda mbele ya darasa uanze kuchezea waya.

Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani, kile cha Miami, kimeweka mtandaoni matangazo yote ya Katrina tangu la kwanza mpaka la mwisho, yamepangwa kwa tarehe na saa. Siyo muhtasari, ni matangazo yenyewe kama yalivyotoka siku ile, pamoja na yale maelezo ambayo watabiri walikuwa wanaandikiana kuelezea kwa nini wanaona kimbunga kitapita huku na siyo kule, kompyuta hii inasema hivi, ile inasema vile, sisi tunaegemea katikati. Na ramani zile za koni, za njia ambayo kimbunga kinatabiriwa kupita, zipo. Tena vitu vilivyotengenezwa na serikali kuu ya Marekani havina hakimiliki kule kwao, unaprinti, unakata, unatafsiri, unabandika ukutani, hakuna wa kukuuliza. Kwa mwalimu ambaye mashine ya fotokopi anaiomba ofisini kama anaomba mkopo, hiyo siyo habari ndogo.

Mimi sasa hivi nafanya hivi. Nachukua matangazo machache tu, moja moja kwa kila siku, nagawa darasa makundi. Kundi moja ni meya, lingine ni bibi wa miaka 78 anayeishi mtaa wa Lower Ninth Ward hana gari, lingine mwenye hoteli mtaa wa French Quarter, lingine daktari wa hospitali yenye wagonjwa wa mashine. Naanza kuwasomea. Jumanne tarehe 23 Agosti 2005, mgandamizo mdogo wa hewa karibu na Bahamas, hauna hata jina. Jumatano unapewa jina, Katrina. Alhamisi jioni unaingia Florida kusini ukiwa kimbunga cha daraja la kwanza. Nawauliza, meya wa New Orleans, unafanya nini? Wanacheka, wanasema ticha hiyo ni Florida huko sisi inatuhusu nini. Sawasawa kabisa, ndivyo alivyofikiri karibu kila mtu.

Ijumaa asubuhi kimbunga kimeshavuka kimeingia Ghubani, na mstari wa utabiri bado unaelekea upande wa juu wa Florida. Bado hakuna anayehama. Ijumaa mchana kuelekea usiku mstari unaanza kusogea magharibi, unasogea tena, mpaka usiku umeangukia kusini mashariki mwa Louisiana. Ukiwaonyesha zile ramani tatu nne za Ijumaa moja baada ya nyingine darasa linanyamaza lenyewe. Huhitaji muziki. Jumamosi saa 4 asubuhi kwa saa za kule, tangazo la tahadhari, kwamba kimbunga kinaweza kufika. Jumamosi saa 4 usiku, onyo kamili, kwamba kinakuja. Usiku uleule mkuu wa kile kituo, Max Mayfield, anapiga simu mwenyewe kwa magavana na kwa meya Ray Nagin, kitu ambacho hakuwa na kawaida nacho. Jumapili asubuhi meya anatangaza kila mtu aondoke kwa lazima. Jumatatu saa 12 na dakika 10 asubuhi jicho linagusa ardhi karibu na Buras, Louisiana.

Hesabu masaa hapo. Kati ya amri ya lazima na kimbunga kufika haifiki siku moja. Hapo makundi yanaanza kugombana, na mimi nakaa kimya nyuma ya darasa nakula raha. Kundi la meya linasema tulitangaza, kundi la bibi linasema mlitangaza mkiwa na gari nyinyi. Na ni kweli, zaidi ya robo ya kaya za New Orleans zilikuwa hazina gari. Halafu naongeza kitu ambacho ukikisema kwa watoto wa huku hakihitaji maelezo: ilikuwa tarehe 28, mwisho wa mwezi, watu wengi wa kipato cha chini walikuwa wanasubiri hundi zao za serikali zinazoingia mwanzoni mwa mwezi. Mwisho wa mwezi mfukoni kumekauka, mafuta ya gari unajaza na nini, gesti unalipa na nini. Siku hiyo mwanafunzi mmoja alisema "kumbe hata Marekani kuna tarehe za dhiki," na nikajua somo limeingia.

Pamoja na hayo yote zaidi ya watu milioni moja waliondoka ukanda ule, msisahau hilo, maana kuna makala za mtandaoni zinasimulia kana kwamba watu walikaa tu wanasubiri kufa. Walioondoka ni wengi sana kuliko waliobaki. Swali la maana ni waliobaki walikuwa nani, na takwimu za Louisiana zinajibu: karibu nusu ya waliokufa walikuwa na miaka 75 kwenda juu. Wazee. Hakuna satelaiti inayoonyesha umri.

Kuna tangazo moja la Jumapili ile nalitaja peke yake. Liliandikwa na mtabiri wa ofisi ya hali ya hewa ya Slidell, karibu na New Orleans, Robert Ricks, saa 4 na dakika 11 asubuhi. Ukilisoma hata leo unasisimka. Alisema sehemu kubwa ya eneo haitakaliwa kwa wiki kadhaa, pengine zaidi, kwamba angalau nusu ya nyumba zilizojengwa vizuri paa na kuta zitaachia, kwamba ukosefu wa maji utaleta mateso yasiyoaminika kwa dunia ya leo. Herufi kubwa mwanzo mwisho, hakuna picha, hakuna rangi. Ni ukurasa mmoja. Kama unapewa kipindi kimoja tu cha dakika 40 na huna projekta wala umeme, chukua huo ukurasa tu uende nao.

Nikija kwenye koni sasa, maana huko ndiko tunakopotosha watoto bila kujua. Ile ramani yenye kitu kama faneli, watu wengi, walimu tukiwemo, tunaamini upana wa koni ni upana wa kimbunga, kwamba ukiwa nje ya ule mstari uko salama. Siyo hivyo. Koni inaonyesha wapi kitovu kinaweza kupita kwa kuangalia makosa ya utabiri ya miaka ya nyuma, na imechorwa ili kitovu kibaki ndani yake kama mara mbili katika kila tatu. Yaani mara moja katika tatu kitovu kinatoka nje kabisa. Na upepo, mvua na maji ya bahari vinafika mbali na kitovu. Pass Christian huko Mississippi haikuwa New Orleans wala Buras, lakini ndiko maji ya bahari yaliyosukumwa na kimbunga yalipimwa mita 8.5. Nyumba ya ghorofa mbili yote chini ya maji.

Hiyo Mississippi inanileta kwenye lile jedwali la kupangia nguvu za vimbunga, la Saffir-Simpson, daraja la kwanza mpaka la tano. Hapa nina ugomvi na tovuti nyingi za elimu. Katrina ilipokuwa katikati ya Ghuba tarehe 28 ilikuwa daraja la tano, upepo kama kilomita 280 kwa saa, mgandamizo ukashuka mpaka milibari 902. Ilipogusa ardhi Louisiana ilikuwa imeshuka daraja la tatu, upepo kama kilomita 200 kwa saa, milibari 920. Sasa mwaka 1969 pwani ileile ya Mississippi ilipigwa na Camille, daraja la tano. Kuna watu mwaka 2005 walikaa nyumbani kwa sababu nyumba yao ilisimama wakati wa Camille, wakasema kama tulipona kwenye tano tutashindwaje kwenye tatu. Maji ya Katrina yakaja juu zaidi ya ya Camille. Kwa nini? Kwa sababu Katrina ilikuwa pana mno, na ilikuwa imeshayasukuma maji ilipokuwa kwenye daraja la tano, na bahari haishuki dakika ileile upepo unaposhuka. Pwani ile wanasema Camille iliua watu wengi zaidi mwaka 2005 kuliko 1969.

Jedwali la zamani lilikuwa na safu ya urefu wa maji, daraja hili maji mita kadhaa, daraja lile mita kadhaa. Mwaka 2010 wataalamu wenyewe wakaiondoa hiyo safu, likabaki jedwali la upepo tu, kwa sababu ya mambo kama haya. Nenda leo kwenye tovuti za kudurusia masomo, fungua notsi za PDF zinazozunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp, utakuta jedwali bado lina safu ya maji. Mimi zamani ningekasirika nitafute lililo sahihi. Siku hizi naprinti yote mawili, la zamani na jipya, nawapa wanafunzi na namba za Katrina, nawaambia tafuteni lipi linadanganya. Dakika kumi tu wanalipata. Kitu kibovu cha mtandaoni nacho ni zana ya kufundishia, mradi wewe mwalimu ujue ubovu wake uko wapi.

Haya, Google Earth. Hii kweli inahitaji kompyuta na intaneti, ila ukiipata mara moja kwa muhula inatosha, au fanya wewe mwenyewe nyumbani upige picha skrini uje nazo. Usipoteze muda kuzungusha dunia na kuruka juu ya majengo. Fungua ile ya kwenye kompyuta, chora mstari mmoja kutoka mto Mississippi pale French Quarter mpaka Ziwa Pontchartrain upande wa kaskazini, halafu iambie ikuonyeshe mwinuko wa ardhi kwenye ule mstari. Inakuchorea mgongo wa ardhi chini ya skrini. Na pale mwanafunzi anaona kwa macho yake kwamba mji umekaa kama sahani, kingo zimeinuka kwenye mto na kwenye ziwa, katikati kumezama chini ya usawa wa bahari. French Quarter haikuzama, iko juu ya tuta la asili ambalo mto ulijijengea wenyewe kwa mchanga na udongo wa mafuriko ya karne nyingi. Wale Wafaransa wa mwaka 1718 walijua pa kukaa. Uliozama ni mji wa karne ya 20, uliojengwa baada ya kuvuta maji kwenye vinamasi kwa pampu, na kinamasi ukikinyonya maji kinakauka kinasinyaa kinashuka, yaani ile ardhi ilikuwa inashushwa na pampu zilezile zilizokuwa zinailinda.

Hii moja tu, ule mstari, nimeiona ikibadilisha mjadala wa darasa kuliko video zote. Na inasahihisha kosa lingine, la kusema New Orleans yote iko chini ya bahari. Kama nusu ya mji iko sawa na bahari au juu yake. Swali linakuwa nani anakaa nusu ipi. Hapo muwe makini, maana mtandaoni kuna hadithi nyepesi kwamba maji yalichagua weusi tu. Lakeview, mtaa wa watu wa kati, wengi weupe, ulizama vibaya sana na ule mfereji wa 17th Street. Ubaguzi ulijitokeza zaidi kwenye nani alikuwa na gari, nani alikuwa na bima, nani alilipwa fidia ya kutosha kujenga tena. Nenda kwenye sensa: mwaka 2000 mji ulikuwa na watu 484,674, mwaka 2010 wakawa 343,829. Wako wapi wale wengine? Kuna taasisi ya palepale New Orleans inaitwa The Data Center, imeweka takwimu mtaa kwa mtaa, nani alirudi na nani hakurudi. Kwa wanafunzi wa fomu sikisi wanaopenda ramani na asilimia hiyo ni mgodi. Wa kidato cha pili itawachosha, achana nayo.

Picha nazo sisemi mzitupe zote. Wale wa jiolojia wa Marekani, USGS, wana picha za angani za kabla na baada, eneo lilelile, pembe ileile. Chukua za visiwa vya Chandeleur, vilivyopoteza kama asilimia 85 ya ardhi yake. Hapo unaweza kufundisha kwamba kisiwa cha mchanga na kinamasi vilikuwa ni breki ya maji ya bahari, na Louisiana ilikuwa imeshapoteza kama kilomita za mraba 4,900 za pwani tangu miaka ya 1930, na Katrina na Rita, kimbunga kilichofuata mwaka uleule, kwa pamoja zikageuza zingine kama 560 kuwa maji. Nasa nao wana Worldview, unaandika tarehe 28 Agosti 2005 unaona kimbunga chote, na kuna michoro yao ya joto la bahari inayoonyesha ule mkondo wa maji ya moto kwenye Ghuba ambao Katrina ilipita juu yake ikanona. Nzuri. Dakika tano zinatosha, ukizidisha unarudi kulekule kwenye "aaah".

Kwenye picha kuna kisa nakipenda sana kwa sababu kinawaamsha wanafunzi wanaodhani ramani ni msahafu. Baada ya kimbunga Google waliweka picha za mji ukiwa umezama, watu waliokimbia wakawa wanatafuta paa la nyumba yao kutokea mbali huko. Halafu mwaka 2007 ikagundulika wamerudisha picha za kabla ya Katrina. Ukifungua, mji mzima mzuri, hakuna turubai la bluu la kuziba paa hata moja. Watu wakaja juu, mpaka mbunge mmoja akawaandikia barua, wakabadilisha wakaweka mpya. Hawakusema uongo kwa neno hata moja, walibadilisha tarehe ya picha tu. Kwa hiyo kila picha ya satelaiti inayoingia darasani kwangu swali la kwanza ni tarehe.

Na kila namba, swali la kwanza ni imehesabiwaje. Vitabu vingi na tovuti nyingi zinasema Katrina iliua watu 1,833. Miaka yote nimefundisha hiyo. Januari 2023 kile kituo cha Miami kikarekebisha ripoti yake, sasa ni 1,392: waliouawa moja kwa moja na kimbunga 520, waliokufa kwa sababu zilizotokana nacho 565, na 307 ambao haijulikani wawekwe wapi. Mwanafunzi anaweza kuandika 1,833 kwenye mtihani na akapata maksi, na mwingine akaandika 1,392 akakoseshwa na msahihishaji asiye na habari, hilo linaniumiza kichwa na sina dawa yake. Ila ile namba 307 naipenda. Mtu aliyekuwa kwenye mashine ya oksijeni umeme ukakatika, mzee aliyefia kwenye basi siku ya tatu, hao unawaweka wapi? Wape wanafunzi visa kama vitano wahesabu wenyewe. Makundi matano yatakuletea majibu matano.

Kuna sauti pia. Chuo cha George Mason na Chuo Kikuu cha New Orleans walianzisha mwaka uleule wa 2005 hazina ya kumbukumbu, Hurricane Digital Memory Bank, watu wa kawaida wakapeleka visa vyao, picha, barua pepe, sauti. Imejaa mchele na chuya pamoja, inabidi ukae uchambue jioni moja kabla ya kipindi. Mtu mmoja anayesimulia alivyopanda darini maji yakimfuata ni mzito kuliko asilimia 80 zote.

Najua swali linalokuja, mbona tunahangaika na ya Marekani wakati tuna yetu. Swali la haki. Idai ilipiga Beira Machi 2019, mwezi uliofuata Kenneth ikaingia Cabo Delgado na Mtwara watu walikesha, Mei 2024 Hidaya ikafika mpaka Mafia. Lindi wazee wanakumbuka ile ya Aprili 1952. Tena Kiswahili chetu chenyewe kinatupiga chenga, neno kimbunga tunatumia kwa hurikeni, kwa saikloni, na hata kwa kale kakisulisuli ka uwanjani kanakoinua vumbi, kwa hiyo mtoto anafika fomu foo anadhani hurikeni ni ya Wamarekani na saikloni ni mnyama mwingine, wakati ni kitu kimoja, kinachobadilika ni bahari gani na kinazungukia upande gani, kule kinyume cha saa, kwetu kusini mwa ikweta sawa na saa.

Ila mimi Katrina siifundishi kwa sababu ni kubwa, naifundisha kwa sababu jalada lake liko wazi lote, saa kwa saa, hadi makosa ya wenye mamlaka. Za kwetu napata vipande, taarifa ya TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, hapa, picha ya satelaiti pale, habari za gazeti, sijawahi kufanikiwa kupanga siku sita kamili zisizo na pengo nikazigawa kwa makundi. Kwa hiyo wanajifunzia kwenye Katrina jinsi ya kuuliza, mji ulijua nini na ulijua saa ngapi, wakishazoea ndiyo nawapa Kenneth yenye mapengo wayatafute wao. Kwa kuanzia nyumbani, maana wengine bibi zao walikuwepo.

Na wala sidanganyi kwamba inaenda vizuri kila mara. Matangazo yale ni Kiingereza cha vifupisho, mwanafunzi aliyebahatisha Kiingereza cha fomu wani anaona giza. Mara ya kwanza niligawa kama yalivyo, darasa likalala. Sasa natafsiri mwenyewe, na la Robert Ricks nawapa watafsiri wao, kundi kwa kundi, liwe tangazo linaloweza kusomwa redioni na bibi wa kijijini akalielewa. Ile sentensi ya mateso yasiyoaminika huwa inawachukua robo saa. Mmoja anasema mtapata shida, mwenzake anasema shida tunapata kila siku, hiyo haimtishi mtu.

Mara ya mwisho niliwaongezea kitu ambacho hakikuwa kwenye tangazo. Niliwaambia New Orleans baada ya kimbunga Betsy cha mwaka 1965 wazee walizoea kuweka shoka darini, maji yakipanda mpaka dari unatoboa paa utoke, na mwaka 2005 kuna waliookolewa na shoka na kuna waliokutwa darini hawakuwa nalo. Kundi moja likaandika fastafasta, "wekeni shoka darini." Binti mmoja wa kundi hilo, kwao ni kijiji cha pwani huko kusini, akakifuta. Wenzake wakamjia juu. Akanigeukia akaniuliza, "Ticha, kwetu nyumba ya makuti, haina dari. Tuwaambie wapande wapi?"

Kengele ikalia. Nikamwambia acha hapo pawe wazi, kesho tuanzie hapo.